Mwendo wa Tanurini

Mzee Tanuri alirudi kazini Jumatatu akitembea wima kama bwana harusi.

Miaka yote aliyooka mikate katika kiwanda kile kidogo, nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu. Sasa madaktari walikuwa wameitengeneza, mkewe amemuuguza mpaka akakonda yeye badala ya mgonjwa, na mzee alikuwa na hamu moja tu: kurudi mbele ya tanuri lake. Bila tanuri, angeitwa Mzee nani?

Alipofika mlangoni alipigwa na butwaa. Wafanyakazi walikuwa wakibeba trei za madonge ya unga kutoka mezani, na wote, wanawake kwa wanaume, wazima wa afya, walichechemea mguu wa kushoto. Kila aliyefika tanurini alishika kiuno, akapiga ukelele, "Uwii, nyonga yangu!" Ndipo akafungua mlango wa tanuri. Zamani, yeye mwenyewe akichechemea na kupiga uwii, mzee hakuliona hilo, maana walipanda na kushuka pamoja naye, akawaona wamenyooka.

"Wanangu, mmepatwa na nini?"

"Shikamoo, mzee," alijibu Bi Hamira, msimamizi, ambaye kazi alifundishwa na mzee huyohuyo. Jina hilo alipewa kwa sababu hachelewi kuumuka kwa hasira. "Hatujapatwa na kitu. Tuko kazini."

"Marahaba. Na hizo nyonga?"

"Nzima kabisa. Tunafanya kazi tu."

Mzee alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Akabeba trei, akaenda nayo moja kwa moja, akafungua tanuri kimyakimya. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa aibu.

Mikate ilitoka imeumuka na kuiva vizuri. Bi Hamira alikata kipande, akatafuna huku amefumba macho.

"Umeiva," alisema kwa huzuni. "Lakini haujachechemewa."

"Acha mchezo, binti yangu! Mkate ni mkate!"

"Mzee, siku yangu ya kwanza nilikuuliza kwa nini tunayumbisha trei. Ukanijibu, 'Usiulize. Nitazame, ufanye ninavyofanya.' Nikatazama. Nimeumwa kiuno mpaka nikaijua kazi. Leo unakuja kunivurugia watu?"

Mzee aliyakumbuka. Maneno yalikuwa yake, tena aliyasema kwa ukali.

"Anayetembea wima hivyo huwa tunampeleka kuosha trei," Bi Hamira aliongeza, sasa kwa upole. "Au aanze mafunzo upya."

Mzee alilitazama tanuri. Joto lake lilimfikia usoni, na roho ikamuuma kama ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

"Basi nifundisheni," alisema.

Alikabidhiwa kwa dada mmoja aliyeajiriwa wakati mzee yuko hospitali, kwa hiyo hakuwahi kumwona akichechemea. Dada alikuwa mkali.

"Babu, unachechemea kwa mguu tu. Chechemea mwili mzima! Na hiyo uwii yako ni ya mtu aliyeshiba."

Mzee alijitahidi, lakini mguu mpya haukutaka kusikia. Akiusahau kidogo tu, unanyooka. Kilichomkera zaidi ni kwamba yule dada alichechemea vizuri kuliko yeye alivyowahi, hata alipokuwa mgonjwa kweli.

Siku ya Ijumaa mambo yalikaa sawa. Trei iliyumba inavyotakiwa, na "Uwii, nyonga yangu!" ilimtoka kwa uchungu uliowafanya wote wageuke. Kisha makofi yakalipuka. Bi Hamira alijifuta macho kwa aproni.

"Sasa umerudi, mzee wetu."

Nyumbani, mkewe alikuwa anaanika mashuka. Kamba ilishikiliwa na mkongojo wa zamani wa mumewe, ambao aliuchimbia uani kwa vigelegele siku mzee aliporuhusiwa kutoka hospitali. Alimwona akitokea kwenye kona ya barabara, akichechemea, meno yote nje.

"Mama watoto! Nimefuzu! Nimerudishiwa tanuri!"

Mama aliutazama mguu ule. Ndiye aliyeukanda asubuhi na jioni, akaufundisha kupiga hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, huku mzee akilia na yeye akimbembeleza. Aliung'oa mkongojo, na mashuka meupe yakaanguka mavumbini.

"Shika," alisema, machozi yakimtiririka.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili, kama cheti.