Mlango Uliohamia Nyumba ya Kona

Wakili wa mnunuzi wa nyumba ya kona alipoichomoa ile karatasi kwenye bahasha ya kaki, ukumbi mzima wa kamati uliinyooshea shingo. Mimi sikuhangaika. Nilijua imeandikwa nini, kwa sababu niliiandika mimi mwenyewe.

"Kibali cha kuhamisha mlango," alisoma, akiyatafuna maneno kwa raha zake. "Kutoka ghala la nafaka lililobomolewa, kwenda nyumba ya kona. Miaka kumi na minne iliyopita, waheshimiwa. Kwa hiyo huo mwaka uliochongwa juu ya mlango ni wa ghala. Nyumba haina mwaka wowote."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwenzangu, aliyesimama mbele na faili lake la bluu, aliishika futi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa wiki mbili, niione sura yake ikianguka. Ilianguka kweli, na mimi niliangalia pembeni.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya mipango miji, jirani na choo. Kazi yetu ilikuwa kukagua majengo ya kale, kuyapima, kuyajazia fomu na kuiomba kamati ya jiji iyaingize kwenye orodha ya majengo yasiyoruhusiwa kubomolewa. Sharti kubwa lilikuwa moja: jengo liwe limetimiza miaka mia, na uthibitishe. Kwa miaka kumi na mitano, swali lolote la jengo lililetwa kwangu. "Muulizeni dada," Mkuu wa idara alikuwa akisema. "Haya majengo utadhani kayazaa yeye."

Kisha akaja huyu binti. Tulimwita Futi, maana hata chai aliinywa na futi shingoni. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji niliugua.

Alikuwa anajua kuandika. Mimi kwenye fomu nilijaza "Ngazi: mbao. Hali: wastani," nikaenda zangu nyumbani. Yeye aliandika kwamba ngazi imelika katikati kwa sababu watu wa nyumba ile hupanda wakiwa na mizigo mikono yote miwili, hawashiki ukuta. Mkuu akaisomea idara nzima ripoti ile kwenye kikao cha Jumatatu, na alipomaliza akarudia aya moja. Baada ya kikao nilikwenda na nakala chooni, nikajifungia, nikaisoma toka mwanzo hadi mwisho nikitafuta kosa. Sikuliona. Roho iliniuma hadi nikashindwa kula mchana ule.

"Huyo binti kakukosea nini hasa?" mume wangu aliniuliza.

"Hajanikosea kitu."

"Basi ndiyo maana humwezi."

Nyumba ya kona ilikuwa ya ghorofa moja, ndefu na nyembamba, na juu aliishi mama mshonaji, mjane aliyezaliwa katika chumba kilekile alichowekea cherehani yake. Nyumba haikuwa yake. Warithi walikuwa wameiuza, na mnunuzi alitaka kuibomoa ajenge maegesho ya magari. Ikiingia kwenye orodha, mama angebaki na dirisha lake. Isipoingia, angetoka. Kwa miaka mingi mama yule aliponiona mlangoni aliniita mwanangu na kunipangusia kigoda. Mwaka ule nilipofika alichungulia nyuma yangu, akauliza, "Yule mwenzio haji leo?"

Nilicheka, nikamwambia ana kazi nyingi.

Siku chache baadaye Futi alikuja mezani kwangu anahema. "Dada, nimeupata mwaka! Upo pale juu ya mlango, tulikuwa tunaupita tu. Miaka mia na tisa! Hebu nipitie hii kabla sijaipeleka kwa kamati."

Kwenye droo yangu ya chini kulikuwa na nakala ya kibali cha mlango ule, nilichokisaini nikiwa bado mgeni kazini. Na katika kazi yetu kuna jambo ambalo hulisomi kitabuni, unaambiwa na aliyekutangulia: mlango hutembea, ukuta hautembei. Ukitaka umri wa nyumba, unakwenda nyuma ya ngazi, unabandua plasta kiasi cha kiganja, unaangalia matofali. Mimi niliambiwa na mzee aliyekuwa akikalia kiti changu. Futi ilikuwa zamu yangu kumwambia.

"Iko vizuri," nikamwambia. "Peleka."

Nilijidanganya kwamba atatahayari kidogo tu. Faili litarudishwa, Mkuu atahaha, halafu mimi nitakwenda na patasi yangu nyuma ya ngazi, nitarudi na jibu, na watasema tena muulizeni dada. Nilikuwa nimelipanga hadi vazi nitakalovaa siku hiyo. Sikufikiri kwamba mwenye ghala naye alikuwa na nakala yake na wakili angeipata kwake, wala kwamba kamati ingeweza kupiga kura siku ileile.

Basi wakili alipomaliza kusoma, Mkuu aliipokea ile karatasi kwa hasira. "Kibali kimetoka idarani kwangu na sina habari nacho? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nani kasaini hapa?" Alijipapasa mifuko, miwani ameiacha ofisini. Akamkabidhi Futi. "Hebu soma hapo chini."

Sahihi yangu alikuwa akiiona kila siku: kwenye daftari la mahudhurio, kwenye fomu za likizo, kwenye barua ya kumkaribisha kazini. Aliitazama muda mrefu.

"Haisomeki, Mkuu," alisema.

Hakunitazama. Mwenyekiti aliita kura, mikono minane ikapanda, na nyumba ikaachwa nje ya orodha, uamuzi usio na rufaa.

Wiki ya tatu walikuja kuibomoa. Ilitupasa tuwepo, kofia ngumu kichwani, kuokota cha kuokotwa. Mlango uling'olewa kwanza, ukapelekwa stoo ya jiji. Mama mshonaji alisimama ng'ambo ya barabara, cherehani yake imefungwa kamba juu ya mkokoteni, na nilipomsalimia aliitikia vizuri tu, jambo lililonichoma zaidi. Ukuta wa nyuma ya ngazi ulipolala chini, Futi aliinama akaokota tofali, akalifuta kwa mkono wa shati lake. Mwaka ulikuwa umegandamizwa kwenye udongo kabla halijachomwa. Nyumba ilikuwa imeupita ule mlango kwa miaka kumi na miwili.

"Wewe ungebandua plasta," alisema. "Si ndiyo, dada?"

"Ningebandua."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Alilitia tofali mikononi mwangu, akaenda kupima kilichobaki kusimama. Nilimtazama akivuta futi kwenye ukuta ambao saa moja baadaye usingekuwepo, akiandika namba zote. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu tena. Mimi katika nafasi yake ningelisoma lile jina kwa sauti.

Hakukaa sana. Alipata kazi jiji jingine, sasa yeye ndiye Mkuu huko, na kila nikisikia anasifiwa bado panachoma kidogo palepale. Tofali ninalo mezani. Wageni hudhani ni la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Mwezi uliopita, nikiwa nimebakiza miezi minne kustaafu, maktaba iliomba ule mlango stoo. Niliandika kibali. Siku ya kuufunga nilikwenda mwenyewe, nikamwomba seremala ailaze fremu chini kabla hajaiingiza, nikapiga magoti na patasi yangu. Upande unaoingia ukutani nilichonga: ghala la nafaka, kisha nyumba ya kona, iliyokuwa na umri kuupita mlango huu, kisha hapa.

"Mama, unajisumbua," seremala alisema. "Hapo nikishapiga plasta nani ataona?"

"Atakayebandua."

Alicheka, akakaa juu ya sanduku lake la vifaa kunisubiri. Chini ya maneno yale nilichonga jina langu, lote, kwa herufi kubwa. Kisha nikapuliza vumbi, nikamwita aje alisome.

Alilisoma bila kukwama.