Ile Homa ya Kaka Mtu

Siku shemeji yangu alipopasuliwa moyo, ukoo mzima ulihamia kwenye korido ya hospitali. Mabenchi hayakututosha, aliyekosa pa kukaa aligeuza ndoo akaikalia.

Daktari wa usingizi alikuwa ameshamweleza dada yangu kila kitu. Mgonjwa angevuta dawa kama mvuke mpaka mwisho wa kazi, kwa sababu dawa ile, mbali na kumlaza mtu, huukinga moyo usiumie wakati umekatiwa damu. Dada akacheka, akasema miaka ishirini anamkataza mume wake kuvuta, leo anatia sahihi avute. Hata daktari alicheka. Kisha akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo wa mume aliyewahi kudhurika kwa dawa ya usingizi, maana udhaifu huo hurithiwa. Dada akajibu hakuna. Kaka mtu alifariki, ndiyo, lakini kwa homa.

Ndivyo ilivyosemwa msibani: homa.

Mlango ulifungwa saa tatu asubuhi. Tukapiga soga za kuua muda, nani kaachika, nani kanenepa, mpaka tukawafikia marehemu. Shangazi wa shemeji, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema huyu mdogo ana bahati, amepata madaktari wa siku hizi. Kaka yake aliingia kutolewa kidole tumbo tu, akawekewa ile barakoa ya usingizi, mwili ukakakamaa kama ubao, ukawaka moto.

Dada akamuuliza taratibu, "Shangazi, hiyo homa ilimpata wapi?"

"Si palepale kwenye meza ya upasuaji, mwanangu. Nani asiyejua?"

Dada hakujua. Mimi pia sikujua. Tulipogeuka, Dada alikwishafika mlangoni, anagonga kwa viganja vyote viwili. Nesi akatoa kichwa, akasikiliza, uso ukambadilika, akarudi ndani mbio.

Shangazi akaanza kusema alidhani tunajua.

Nesi alipotoka tena, alisema mvuke umefungwa, sasa wanatumia dawa ya mshipani, lakini joto la mgonjwa limeanza kupanda. Daktari anauliza: yule kaka, tangu alipoanza kuwaka, ilichukua muda gani mpaka...

Sote tukamgeukia shangazi.

"Sijui," alisema. "Tulikuwa nje, kama hivi."

Nesi akarudi ndani.