Mimi Si Maskini

"Rudia," alisema wakili. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Hilaria."

"Na?"

Hilaria akatazama sakafu. "Ni maskini."

"Kwa sauti, mama. Jaji hatasikia hivyo."

Wakili huyo, Avni, binti wa muuza vitambaa wa mjini Moshi, aliwatetea wanawake bila malipo. Alikuwa ameshamweleza mara tatu. Ukoo ulipogawa kihamba, shamba la migomba la baba yao, dada yake Theodora, mke wa mwenye malori, alipewa kipande. Hilaria akanyimwa. Kwa hiyo kaka yao Leodegar angejibu kwamba hawakubagua wanawake. Lakini Katiba inakataza pia kumbagua mtu kwa hali yake ya maisha. Walibakiwa na hilo tu.

"Waliniambia hivyo hivyo," Hilaria alisema. "Kwamba asiye na ng'ombe hata mmoja atatia mbolea gani kwenye migomba."

"Basi kayaseme kule."

Miaka tisa alimuuguza mama yao katika nyumba ya udongo pale kihambani, akikata majani ya ng'ombe wa watu, akishuka Chekereni kupandikiza mpunga wa watu. Mama alizikwa pale pale. Akishindwa kesi, anatoka. Hana pengine.

Siku ya kesi alifanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa parokia yake angelifanya. Alivaa vizuri. Gauni la Pasaka, kitenge kipya cha jirani yake Lukresia, na viatu vya Lukresia vilivyombana. Uende mjini mbele ya watu na nguo za shambani? Hata maiti huvishwa.

Avni alipomwona alifumba macho kidogo.

Mabenchi ya nyuma yalijaa watu wa ukoo na wanakwaya wenzake. Wakili wa Leodegar, mzee mpole aitwaye Efraimu, akasimama.

"Mama, umependeza."

"Asante."

"Marehemu mama yenu, ulipokuwa ukimtunza, alilala njaa?"

Hilaria aligeuka akaona nyuso za nyuma, zote zikimtazama. Alikumbuka maji ya moto yenye chumvi, kikombe kimoja, na mama akisema ameshiba.

"Mama yangu hakulala njaa hata siku moja."

"Hamkuwa na shida?"

"Nilimtunza."

"Kwa hiyo wewe si maskini."

Avni akaweka kalamu chini.

"Hapana," alisema Hilaria, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Mimi si maskini."

Nje, Leodegar alimfuata, kofia mkononi.

"Umesema vizuri, dada. Umemheshimu mama."

"Lakini si kweli."

"Najua," alisema Leodegar. Akabaki amesimama hapo, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Mwezi uliofuata kesi ilitupwa. Hilaria alipanga chumba mjini, mtaa wa Majengo, kwenye ua uliosakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuja na godoro, sufuria mbili, na chipukizi la mgomba alilolichimba kando ya kaburi, akalitia kwenye ndoo iliyotoboka.

"Huo utaupanda wapi, mama?" mwenye nyumba aliuliza.

Hilaria akachota maji kwa kiganja, akayamwagia kwenye shina, kidogo kidogo, akiyaangalia yakitokea chini na kutambaa juu ya saruji.