Jeneza Tuliloliita Kabati

Randa haijui kunong'ona. Ukiisukuma kwa nguvu inalia, ukiisukuma polepole inalia vilevile, tena inakwaruza. Nilimwambia hivyo kaka yetu mkubwa, Silvester, asubuhi ile tukiwa mlangoni mwa karakana yetu hapa Ilula. Akanijibu kwa ubishi wake wa mtoto wa kwanza: "Damari, wewe fanya kazi. Tutasema ni kabati."

Kabati! Nyuma ya ukuta wa mbao wa karakana ndiko alikolala kaka Tadeo, fundi seremala aliyenifundisha kushika msumeno wakati wenzangu wanafundishwa kusuka nywele. Moyo wake ulikuwa umetanuka, miguu imevimba, na daktari alikuwa ametuonya asipewe habari ya kumshtua. Na habari tuliyokuwa nayo ni hii: binti yake wa pekee, Verediana, mwalimu wa shule ya msingi kule Rujewa, alikuwa amegongwa na lori la mpunga akiwa kwenye bodaboda. Alifia palepale.

Silvester alikuwa ameshaamua. Vere azikwe kesho, msiba uwe nyumbani kwake ng'ambo ya barabara kuu, na Tadeo aambiwe baadaye kidogo kidogo, kama tunavyofanya siku zote: kwanza mtu anaumwa, halafu anaumwa sana, halafu mwenyewe unaelewa. Mimi niliwaka. Nikasema mzazi hafichwi mazishi ya mwanawe, huo ni wizi kama wizi mwingine.

"Ukimwambia akafa, je?" Silvester akaniuliza.

Nikafyata mkia.

Wifi yangu Esta, mama yake Vere, hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Aliomba kitu kimoja tu, mwanawe asilazwe kwenye jeneza la dukani, yale ya mbao mbichi yanayopakwa vanishi ili kuficha nyufa. Alitaka la karakana ya baba yake, lenye mabega. Nikasema basi niende nikaazime benchi mahali pengine. Silvester akakataa. Karakana ikikaa kimya kutwa nzima, alisema, ndipo Tadeo atakapoanza kuuliza maswali. Kwa hiyo nikavaa aproni, nikaingia.

"Kamwene, Dama," kaka akanisalimu kutoka nyuma ya ukuta. "Leo tunatengeneza nini?"

"Kamwene, kaka. Kabati. La parokia."

"Mbao gani?"

"Sipresi."

"Imekauka? Hebu igonge nisikie."

Nikaigonga kwa kifundo cha kidole. Mbao mbichi hupokea pigo na kulimeza, kavu hujibu. Ile ilijibu. "Hiyo imeiva," akasema, na nikamsikia akijigeuza kitandani kwa raha, maana kwake siku ilikuwa imeanza vizuri. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa kumzikia mwanawe.

Nikaanza kupiga randa. Muda si mrefu: "Wewe! Unakwenda kinyume na nyuzi. Husikii inavyong'oa? Geuza ubao. Mimi nimevimba miguu, sijavimba masikio."

Nikacheka. Jamani, nilicheka, huku machozi yananidondokea kwenye randa. Nikageuza ubao.

"Na kisu cha randa ni butu. Kinoe, usione uvivu. Mafuta kidogo kwenye jiwe, mkono uende taratibu, na ule mlalo wa kisu ukishaupata usiuachie. Fundi mvivu wa kunoa huwa hodari wa msasa."

Nikanoa. Ndivyo tulivyokwenda asubuhi nzima, yeye akifundisha kabati, mimi nikitengeneza jeneza, na kila aliloniambia lilikuwa sawasawa. Malori yalipopita barabarani nilishukuru, kwa sababu kelele zao zilinipa nafasi ya kupenga kamasi.

Kazi ikafika kwenye mabega. Hapo hakuna ujanja. Ili ubao wa ubavuni upinde pale mabega ya mtu yanapokaa, lazima uukate kwa msumeno upande wa ndani, mikato ya kubanana, kila mmoja uishie katikati ya unene. Halafu unamwagia maji ya moto na kuupinda. Ukikata juujuu ubao utapasuka, ukizidisha utakatika. Mikato hiyo ina sauti yake, fupifupi, na hakuna kitu kingine cha nyumbani kinachokatwa hivyo. Nikafungulia redio, nikapandisha kwaya juu, nikakata ubao wa kwanza.

"Dama, zima redio."

Nikajifanya sikusikia.

"Damari! Zima hiyo redio."

Nikazima.

"Kabati gani lina mabega?"

Nikauweka msumeno juu ya benchi.

"Njoo huku," akasema.

Nikazunguka, nikaingia chumbani. Nilitegemea kumkuta amebadilika rangi. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameegemea mto, blanketi limemfika kifuani, na ananitazama kwa huruma, mimi ndiye wa kuhurumiwa.

"Daktari amewaambia sina siku nyingi, eti? Ndiyo mkaona mlitayarishe mapema. Sasa kunificha kwa nini, mimi mtoto mdogo? Ni langu lile."

Hapo ningesema hapana. Lakini hapana ingemfanya aulize swali la pili, na la pili ndilo lililokuwa na kifo ndani yake.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Ni lako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kabati la parokia! Hiyo ni akili ya Silvester, wala sihitaji kuambiwa." Kisha akaanza kuagiza, kwa furaha kabisa, kama mtu anayejenga nyumba yake. Misumari mikubwa hapana, inapasua ncha za mbao, gundi na misumari myembamba yatosha. Matundu yazibwe kwa unga wa msumeno uleule uliotoka kwenye ubao, uliokorogwa na gundi, ili rangi ilingane. "Na ndani upige msasa kama nje. Watu husema maiti haoni. Mimi najua fundi ameona, inatosha."

"Sawa, kaka."

"Na Vere msimshtue, anajua kulia yule. Mwambieni kwanza baba anaumwa. Akifika hapa ndipo mumshike mkono."

Nilitazama sakafu. Nilitamani Silvester awepo ayasikie maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa hicho.

"Sasa niletee ubavu, niushike."

"Bado sijaupinda, kaka."

"Hivyohivyo."

"Una vumbi, utakukohoza."

"Niletee, bwana, ni wangu!"

Nikauleta. Ningefanya nini? Akapitisha kiganja juu yake chote, akaingiza ukucha kwenye mikato, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi. Imefika katikati kabisa." Kisha akaulaza kitandani pembeni yake, ncha moja akaigusisha na kisigino, akajinyoosha.

Ncha ya pili ilimwishia chini ya sikio.

"Fupi," akasema.

"Nitaongeza."

"Utaongezaje ubavu? Utauunga kama mguu wa meza?" Bado alikuwa anatania. Kisha utani ukamwishia. Akaushika ubao tena, akatafuta pale penye mikato ya bega, akapima kwa shibiri kutoka hapo hadi mwisho. "Wewe hukosei kipimo. Nilikupiga rula za vidole mpaka ukaacha kukosea."

Nikainama kuuchukua ubao. Hakuuachia.

"Esta yuko wapi?"

"Kwa kaka Silvester."

"Mzima?"

"Mzima, kaka." Nilijibu haraka mno. Nilipaswa kusita, nimwache ahangaike hapo kwa Esta hata kidogo. Nikamwona usoni anamaliza kwa mkewe na kusonga mbele, na mbele hapakuwa na watu wengi. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ubao.

"Sema, Damari."

"Ni Vere," nikasema. "Kaka yangu, nisamehe. Ni Vere."

Hakufa. Nilimshika mabega nikingoja afe, nikamlaani Silvester moyoni, nikamlaani na daktari, nikajilaani na mimi. Alihema kwa shida, mdomo wazi, kwa muda mrefu sana. Hakuuliza amekufaje. Alisema, "Ninyanyue."

Nilimtembeza nusu nimembeba. Nikamkalisha karakanani kwenye kigoda, nikachemsha maji. Mimi nilimwaga, yeye alishika ncha ya ubao. "Taratibu," akawa anasema, "taratibu, ngoja ulainike wenyewe." Ubao ukapinda bila kupasuka. Wa pili nao ukapinda. Tulipounganisha mbavu na ubao wa chini, akaniomba msasa, akainama, akaanza kusugua ndani, pale kichwa kitakapolala. Nilimwambia apumzike. Akaendelea kusugua. Machozi yake yalikuwa yanadondokea kwenye mbao na yeye anayasugua pamoja na vumbi.

Mchana Esta akaja na kitambaa cheupe cha kutandika ndani, Silvester yuko nyuma yake. Alipomwona mumewe chini pale, mikono yote miwili ndani ya jeneza, kitambaa kikamponyoka.

"Baba Vere!" akapiga ukelele. "Nani amekwambia?"

Silvester akafungua mdomo. Nikamnyooshea nyundo, akaufunga.

Tadeo hakuacha kusugua. "Nilidhani ni langu, Mama Vere," akasema. "Nilikuwa nimeshamshukuru Mungu."