Migomba Mitatu ya Bi Chausiku

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sikusaidiwa na mtu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Chausiku, mjane wa Kiluguru, hapa mjini Morogoro. Masharti yake mawili: nisiingize mtu bila yeye kujua, na nisipande mti uani. Hilo la mti kwetu halihitaji mkalimani. Ukipanda mti kwenye ardhi ya kuazima, umeshaanza kuidai.

Mwaka ule Wadachi walikuwa wanasukuma reli kwenda Kilosa, nikapata kibarua cha miezi sita. Nikiacha chumba, kitachukuliwa. Basi nikamwingiza Dominiko, muuza ndizi kutoka Matombo, anishikie nafasi.

"Bibi haoni vizuri," nikamwambia. "Akikuuliza, wewe ndiye Hatibu."

"Na rozari hii?"

"Ifiche ndani ya shati, bwana!"

Niliporudi, mzigo kichwani, nikamkuta kajinyoosha barazani kama shemeji anayesubiri pilau.

"Nimerudi, ndugu yangu. Toka."

"Nitoke niende wapi? Hatibu ni mimi. Si ulisema mwenyewe?"

Tukapigiana kelele mpaka mtaa mzima ukaja. Bi Chausiku naye akatoka, anapepesa macho.

"Shikamoo, bibi!" nikawahi mimi. "Mimi ndiye Hatibu!"

"Marahaba. Una hakika?"

"Haki ya Mungu! Hatibu ni mimi, hakuna mwingine! Jamani, nyote mnisikie!"

Hapo nikaona uani migomba mitatu, imenawiri kweli kweli. Moyo ukaruka: nimemkamata!

"Bibi, tazama! Huyu anataka kiwanja chako! Aliyepanda hii afukuzwe leo hii!"

"Hata mimi nasema hivyo." Akamgeukia Dominiko. "Kapanda nani?"

"Hatibu," akajibu Dominiko, katulia kama sanamu ya misheni.

Watu wakaangua kicheko.

"Mwongo! Mimi nilikuwa Kilosa!"

"Kumbe hukuwapo?" akauliza bibi. "Chumbani mwangu alikuwa analala nani?"



Bibi akakaza kanga yake. "Mwanangu, nilimkataza Hatibu asiingize mtu, nikamkataza asipande mti. Hatibu ni wewe, umeapa mbele ya mtaa. Beba mzigo wako. Huyu nitapatana naye mwenyewe. Nilimjua tangu siku ya kwanza, alipoupigia ugali wangu ishara ya msalaba."