Mabua Yasiyoguswa

Wewe unayesikiliza, umewahi kumwona mwanamke mzima, mkungu wa ndizi kichwani, akiiacha njia iliyonyooka na kuzunguka shamba zima la chai ili tu asikutane na mzee mmoja mwenye fimbo?

Alinanuswe wa Kinyala alizunguka hivyo miaka kumi na minne. Mzee mwenyewe ni Asajile, baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, halitaji jina lake, haketi naye chini ya paa moja. Wanaita ukutila. Vijana wa Tukuyu mjini wameanza kuucheka, lakini kwenye ukoo wa Asajile hakuna aliyecheka. Mwaka juzi mke wa mpwa wake aligongana na mzee mlangoni pa mashine ya kusaga, ndoo ya unga mkononi, akaropoka "shikamoo, baba." Ukoo ukakaa kikao. Kosa likasafishwa kwa ndama, na ndama alikuwa wa yule mwanamke.

Asubuhi hiyo ya Septemba, Alinanuswe alimkatakatia ng'ombe wake Sekela shina la mgomba. Sekela alinusa, akageuza kichwa. Shina la mgomba ni maji matupu, naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbavu zilihesabika. Mifupa ya nyonga ilisimama kama vigingi. Hatua ishirini tu kutoka bandani, mabua ya mahindi yalilala shambani, makavu, mengi, na upepo ulikuwa ukileta harufu yake. Ng'ombe alikuwa akilia huku ameyakodolea macho.

Mabua hayo hayakuguswa. Pembeni mwa shamba lilisimama bango jeupe: SHAMBA LA MKULIMA MTAFITI, KILIMO BILA KUTIFUA. Mkulima mtafiti ni yeye Alinanuswe, ingawa shamba alilitoa mzee Asajile, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, bila kumuuliza. Hezron, mumewe, alipofariki alimwachia watoto watatu na ng'ombe huyo. Ardhi ilibaki ya baba. Masharti ya mradi yalikuwa mafupi: jembe lisiguse udongo, mabua yafunike ardhi, misimu yote mitatu. Ulikuwa umekwisha mmoja.

Alinanuswe hakuwa na ugomvi na udongo. Alishainua mabua kwa kidole akaona unyevu, akaona minyoo minene. Mahindi yalizaa. Ila ng'ombe atakula nini? Hilo hakuna aliyemuuliza.

"Leo tunaulizwa," jirani yake Esnath alimwambia njiani. "Eti sisi ndio tutakaochagua wataalamu watafiti nini. Na wewe usije ukakaa kimya kama gunia."

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Mtafiti, dada mmoja kijana aitwaye Doreen, alibandika ukutani karatasi nne zenye picha: bomba la dawa ya magugu, mashine ya kupandia, mbegu, na ng'ombe mwenye bua mdomoni. Kila mkulima akapewa punje tano za maharage akaweke kwenye kikopo kilicho chini ya picha anayoitaka. Bwana shamba Jotham ndiye aliyezigawa.

Alinanuswe aliiona picha ya ng'ombe kupitia dirishani, moyo ukamruka. Kumbe swali lake lipo! Kumbe kuna mtu aliyeliwaza! Alisimama nje na wanawake kumi na mmoja, wote wake wa ukoo ule, kwa sababu mwenyekiti aliwekewa kiti palepale ukutani, magoti yake yakigusa vikopo. Mguu mmoja wa Alinanuswe uliingia kwenye kandambili, ukatoka, ukaingia tena.

"Mama zangu, karibuni ndani," Doreen aliita.

"Hawawezi, dokta," Jotham akacheka. "Mkwe wao yumo."

"Basi mzee atoke kidogo."

Jotham akamwinamia sikioni. "Mwenyekiti atoke, dokta? Kwenye kikundi chake?"

Doreen alitazama saa. Saa nane alitakiwa awe Kyimo kwa mkutano mwingine kama huu. "Basi fanyeni mnavyoona inafaa."

Mzee Asajile alikohoa. Alizungumza huku akiutazama ukuta. "Esnath, wewe si wa kwetu, unaweza kupita. Mwambie huyo aliyeko dirishani alete maharage. Ni ya nyumba yangu, nitayaweka mimi."

Alinanuswe alisikia kila neno. Hata hivyo alisubiri mpaka Esnath alipotoka na kumwambia upya. "Mwambie," alijibu, macho chini, "ya kwangu ni ya ng'ombe. Yote matano."

Esnath alirudi, akasema.

"Ng'ombe!" Mzee aligeukia wanaume. "Jotham ameshatueleza, dawa ikiongoza mabomba mawili ya kupulizia yanakuja. Ng'ombe akiongoza kinakuja nini? Mavi?"

Walicheka mpaka mmoja akajipiga paja. Punje tano za Alinanuswe zikaingia kwenye kikopo cha dawa, tii, tii, tii. Za wale kumi na mmoja zikafuata kwa mkono uleule. Ng'ombe alipata tano za Esnath.

"Ushirikishwaji mzuri sana," Doreen alisema, akiandika. "Wanawake kumi na watatu! Kwa hiyo tutatafiti dawa, na mabua yataendelea kubaki shambani misimu yote miwili iliyosalia." Aliibandua ile picha ya ng'ombe, akaikunja mara nne. Kisha akaja dirishani na simu. "Mama, wewe ndiye mkulima mtafiti. Sema neno moja la ripoti. Umechagua nini?"

"Sema dawa, mama," Jotham alinong'ona nyuma yake.

Alinanuswe aliondoka dirishani. Walidhani anakwenda zake. Alizunguka ukuta, akavua kandambili, akaingia mlangoni.

"Mwe, Alinanuswe!" Esnath aliruka. "Ng'ombe wako!"

Mzee alijifunika uso kwa kofia. Alinanuswe alisimama mbele yake, akasema kwa Kinyakyusa, haraka, bila kupumua.

"Anasemaje?" Doreen aliuliza, simu bado juu.

"Anaushukuru mradi," Jotham alisema.

Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameshatazamana, kisha wakatazama nje, kule juu kwenye banda la Sekela.

"Sijashukuru," Alinanuswe alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Nilitaka mabua. Nilitaka Sekela ale."