Glavu za Kijivu

Askari alikuwa ameketi kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, lakini hakuna aliyekuwa akimnyoa. Alikuwa akiutazama mlango wetu.

Ndani, kwenye benchi la kazi la mke wangu Mina, alilala kifudifudi mwanamke mgeni aliyejiita Bibi Oakes. Glavu zake za kijivu alikuwa ameziacha kitini. Alisema shingo inamtesa.

Siku zile, huku kwetu Iowa, kandokando ya mto Mississippi, kazi ya kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono ilikuwa bado changa. Madaktari waliiita ulaghai, na sheria ilikuwa upande wao. Mwenzake Mina wa mji wa jirani alikuwa amekwisha kufungwa, kwa kumnyoosha mgonjwa bandia aliyetumwa na polisi. Mimi sikuwa na shaka na kazi hiyo. Kuinamia mashine ya kiwandani ya kukatia vifungo vya nguo kutoka kombe za mtoni kulikuwa kumenikunja kama ndoano, na ni mikono ya Mina iliyoniwezesha tena kuwatazama watu usoni, hata kukaa kwenye dawati la shule ya usiku.

Tulikuwa na ishara yetu ya hatari. Nikaligonga jiko kwa chuma cha kuchochea moto.

Mina hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vikishuka polepole mgongoni mwa yule mama.

Nikagonga tena, kwa nguvu.

"Emil, utalitoboa jiko la watu," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya viazi: "Mama, shingo yako haina neno. Hapa kiunoni ndipo penye kitu. Ulianguka?"



"Kwenye barafu," akajibu yule mama. "Sijamwambia mtu."

"Na yule wa kwa kinyozi, ni wako?"

Masikio ya Bibi Oakes yaliiva kwa haya.

"Mina, mwache aende," nikasema. "Nakuomba, mke wangu."

"Nikimgusa, nafungwa. Nisipomgusa, anarudi na maumivu yake nyumbani." Akafuta mikono kwenye aproni. "Haya mama, inuka uende zako, au vuta pumzi nikunyooshe. Sema wewe."

Niliomba kimoyomoyo ainuke.

Bibi Oakes akavuta pumzi.

Mina akabonyeza; mlio ulikuwa mdogo, kama kifungo kinapodondoka sakafuni. Yule mama akasimama taratibu, kama asiyeamini, akavaa glavu zake. Akaenda dirishani.

"Nina watoto wa kulisha," akasema bila kututazama, akainua mkono kumwashiria askari.

Askari akavuka barabara.

Jumapili nilipeleka mkate jela. Mlinzi akanizibia mlango kwa tumbo lake.

"Tulia, bwana, mkeo ana mgonjwa. Na akitoka huyo ni zamu yangu, usiniruke kwenye foleni."

Kwenye benchi la ukumbini palikuwa na glavu za kijivu. Nikazisogeza kidogo, nikakaa.